Mashine Iliposema Mto ni Sifuri

Ngurumo ya mto ule bado naisikia, mwanangu, ingawa nywele zangu zimekuwa nyeupe. Tulikuwa Kasese, tukipokea kipimo cha kina cha maji kutoka Bwesumbu, huko juu, ili watu wa Rukoki waliojenga kando ya mto waonywe mapema. Programu yetu iliandikwa kwa Python, lugha ya kompyuta. Mimi, kijana mwenye haraka, niliandika kwa C, lugha nyingine, ile sehemu ya kusoma kipimo, ili iende kasi.

Sasa, kila kitu kinachotoka Python kina aina yake: namba, maandishi, orodha. Njia ya mkato ya kusoma niliyoichagua katika C haiulizi aina. Mwandishi ndiye wa kuuliza, nami sikuuliza. Kitu kiliitwa "kina", nikaamini ni namba.

Siku moja mvua iliharibu kifaa cha kupimia kule Bwesumbu. Mama Masika, aliyekitunza, akaanza kuandika kina mwenyewe kwa simu, nacho kikatufikia kama maandishi. C yangu ikayasoma kana kwamba ni namba, ikatoa sifuri. King'ora cha kuwaonya watu wa Rukoki hakikulia.

Akapiga simu. "Bwambale, unalala? Maji iko juu ya daraja!"

"Mama, hapa inaonyesha sifuri."

"Basi kuja usimame ndani ya hiyo sifuri yako!"

Mzee Baluku, aliyenifundisha kazi, aliposikia hayo alikimbia akabonyeza king'ora kwa mkono. Watu wakapanda mlimani na watoto mgongoni. Maji yalibeba migomba na majiko, lakini hayakubeba mtu. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu.

Kesho yake mzee alisoma mistari yangu ya programu.

"Bwambale, nikiita Baluku pale soko ya Bwera, wangapi watageuka?"

"Nusu ya soko, Mzee." Maana kwetu Wakonzo, mtoto wa kiume wa kwanza huitwa Baluku.

"Na ukitumwa umpe Baluku dawa, utampa yule wa kwanza kugeuka? Si utamwangalia kwanza?"

Niliongeza mistari michache tu: kama si namba, kataa, toa kosa, king'ora kilie. Mpaka leo nastaajabu. Mungu aliumba kila kiumbe kwa aina yake, na mimi, kwa kudharau aina ya kitu kidogo kisichoonekana, karibu nizamishe kijiji.

Kwa hiyo, mwanangu, usikiamini kitu kwa jina lake. Kiulize aina yake kabla hujakitumia, na kisipokuwa ulichotarajia, kikatae kwa sauti, kamwe usikae kimya. Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuangalia mara mbili, na moyo unaokubali kukosolewa. Amina.