Aliyefunga Madigadi ya Gari Letu

Haya nitakayokueleza hayakutokea usiku, wala sikuwa na homa, wala sikuwa nimeonja kitu chochote. Ilikuwa alasiri, jua la Tabora bado linachoma, na akili zangu zote ninazo. Nalisema hili mapema kwa sababu najua utakavyoniangalia nikifika katikati. Shemeji yangu aliniangalia hivyo hivyo. Padri naye pia. Nimeshazoea.

Mume wangu aliitwa Leonsi. Alikuwa mtoto wa Ulyankulu, wa zile familia zilizotoka Burundi zamani, watu wa kulima na kusali. Kazi yake ilikuwa asali. Alikuwa akiifuata huko kwao kwa wafuga nyuki na kuileta mjini kwenye ndoo, mimi naichuja na kuiuza pale nyumbani kwetu Mtendeni. Asali hiyo ndiyo iliyotununulia gari. Gari dogo tu, lililokwisha kutumika, la rangi ya bluu. Jamani, yule mwanamume alilipenda gari lile! Jumapili baada ya misa ungemkuta kachuchumaa pembeni yake na kitambaa katika mkono wa kushoto, mkono aliofanyia kazi zote, anafuta mahali ambapo mimi nisingeona doa hata kwa miwani.

Adui yake mkubwa alikuwa kokoto. Barabara ya kwenda kwao ni ya changarawe, na tairi zikizunguka zinarusha mawe nyuma, pa, pa, pa, kwenye ubavu wa gari. Kijiwe kidogo tu kinabandua rangi, mvua inaingia, kutu inaanza kula. Basi akanunua madigadi ya mpira mzito, vile vipande vinavyoning'inia nyuma ya kila tairi kuzuia mawe. Nilimwambia ampe fundi ayafunge. Akakataa katakata. "Mafundi wanatoboa bodi hovyo," alisema. "Hii kazi nitaifanya mwenyewe, siku nikituliza kichwa." Akayasukuma chini ya kitanda, ndani ya mfuko wake.

Siku hiyo haikufika. Leonsi alifia njiani, akirudi na asali. Wala hakupata ajali. Nadhani alihisi kitu kinamjia, kwa sababu alilitoa gari barabarani taratibu, akalizima, akavuta hendibreki. Wapita njia walimkuta ameegemea usukani kama mtu anayejipumzisha. Gari halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Msibani watu walikuwa wananiambia hilo kama habari njema: "Afadhali gari limesalimika, mama." Mimi nilikuwa natamani lingesagika lote, yeye atoke mzima. Lakini utamwambia nani maneno kama hayo?

Tulipomaliza matanga, shemeji alitaka tuliuze. Nilikataa. Nina binti, Devota, anasoma, na asali ndiyo kazi niijuayo. Nikajifunza kuendesha, nikiogopa na kulia, mpaka nikapata leseni. Na ilipokaribia safari yangu ya kwanza ya kwenda Ulyankulu, nikautoa ule mfuko chini ya kitanda. Nilisema moyoni, kama nitalipeleka gari lake kwenye mawe, basi angalau liende na kile alichokitaka.

Kuna fundi mmoja, Ramadhani, ana uwanja wake wa kutengenezea magari kule Kanyenye. Alikuwa akifahamiana na Leonsi. Nikaenda kwake alasiri. Geti lilikuwa wazi, nikaingiza gari. Sikumwona Ramadhani, ila kulikuwa na mtu amechutama nyuma ya gari jingine bovu, amevaa ovaroli na kofia iliyoshuka mpaka machoni, amenipa mgongo.

"Habari za kazi, fundi," nikamsalimia.

"Salama, mama," akajibu bila kugeuka. "Lirudishe nyuma kidogo, hapo kwenye kivuli."

Nikalirudisha. Nikamwekea mfuko chini, nikamweleza ninachotaka, nikaenda kukaa juu ya tairi kuukuu. Sikufikiri chochote. Kwa nini nifikiri? Fundi ni fundi.

Akaanza na tairi za nyuma. Lakini hakufunga mara moja. Kwanza alichota maji kwenye ndoo akaosha tope lote lililoganda pale pembeni, akapakausha kwa kitambaa, akapitisha kidole. Halafu akabandika utepe wa plastiki juu ya rangi, pale mpira utakapogusa, ili usije ukaichubua. Niamini, sijawahi kumwona fundi akifanya hivyo. Hakutoboa tundu lolote jipya. Alitafuta matundu yaleyale ya kiwandani akapitishia bolti humo, na alikuwa akikaza kwa mkono wa kushoto.

Nilianza kuiangalia ile mikono.

Alikuwa akiimba kwa kunong'ona, wimbo wa kanisani, kwa Kirundi. Nikajiambia, watu wangapi Tabora hii wanaimba Kirundi? Ni wengi. Nikageuza uso nitazame geti.

"Unakwenda njia ya Ulyankulu?" akauliza.

"Ndiyo. Kesho."

"Ukikuta lori mbele yako, usilifuate kwa karibu. Likurushie vumbi tu, lisikurushie mawe. Na kilima kile cha mwisho usikikimbilie, shusha gia mapema."

"Sawa, fundi."

Akahamia tairi la pili, akamaliza. Akahamia mbele, upande wa abiria. Halafu, huku ameinamisha kichwa ndani ya upinde wa tairi, akasema, "Mmisheni, nisogezee hiyo spana ndogo."

Sasa sikiliza. Mimi nilizaliwa na kukulia jirani na misheni, baba yangu alikuwa mpishi wa mapadri. Watu wananiita Mama Devota. Nyumbani kwetu wananiita kwa jina langu la ubatizo. Mtu aliyeniita Mmisheni duniani alikuwa mmoja tu, na alikuwa akiniita hivyo tukiwa wawili chumbani, au akitaka nicheke. Hata Devota halijui jina hilo.

Utaniuliza, hukukimbia? Hukupiga kelele? Mimi mwenyewe nilidhani mtu akikutana na jambo la namna hiyo anakimbia. Lakini miguu haikutaka kukimbia. Kilichonijaa si woga. Nilijaa furaha, furaha mbaya, ya kunibana kifua mpaka nikashindwa kupumua. Niliinuka, nikaiokota spana, nikampa. Vidole vyake viligusa vyangu. Vilikuwa baridi kama bati la alfajiri.

"Devota bado anakohoa usiku?" akauliza.

"Amepona," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nilimchemshia majani ya mpera, na asali."

"Ile nyeusi?"

"Ile nyeusi."

"Vizuri." Akakaza bolti. Nikataka kuinama nimtazame chini ya kofia. Akalijua hilo kabla sijasogea. "Usinitazame, Mmisheni. Kaa pale. Niache nimalize kazi."

Nikarudi kukaa. Nilishika tairi lile kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Nilikuwa na maneno mengi! Nilitaka kumwuliza kama aliumia. Kama aliniita pale barabarani, na mimi huku nilikuwa nachuja asali na kupiga soga na wateja. Nilitaka kumwambia mashati yake bado yako kwenye kamba chumbani kwa sababu siwezi kuyakunja. Sikusema hata moja. Nilimsikiliza akifanya kazi, mpira ukigonga, spana ikilia, na ule wimbo. Kama ungepita getini ungeona mke na mume Jumamosi, wanatengeneza gari lao, basi.

Akaenda kwenye tairi la mwisho, la mbele upande wa dereva. Hapo ndipo alipofia, kwenye kiti kile. Aliosha, akakausha, akabandika utepe. Kisha akaweka kiganja chake juu ya mlango, kwenye ile rangi ya bluu, akakiacha hapo, kama unavyomshika mtoto mgongoni akiwa amelala. Jua lilikuwa linashuka. Msikitini wakaanza kuadhini magharibi. Akaokota kile kipande cha nne.

Na mimi nikaelewa kwamba akimaliza hicho ataondoka.

Nilijikaza, Mungu anajua nilijikaza. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe. "Leonsi," nikasema. "Leonsi, twende nyumbani."

Ule wimbo ukakatika. "Aa, Mmisheni," akasema, taratibu, kwa masikitiko, kama mtu aliyeamshwa kutoka usingizi aliouhitaji sana. Nikaruka, nikazunguka mbele ya gari. Hapakuwa na mtu. Kipande cha nne kilikuwa chini, spana juu yake, na maji ya kuoshea yalikuwa bado yanatiririka kwenye vumbi.

Nilikaa chini palepale. Ndivyo alivyonikuta Ramadhani. Alikuja amevaa kanzu, ametoka kuzika jirani yao, na alisimama getini akiwa ameshika funguo.

"Mama Devota! Umeingiaje humu?"

"Geti lilikuwa wazi."

"Wazi? Nimelifunga mwenyewe kwa kufuli tangu mchana. Wote tulikuwa makaburini." Alinyanyua mkono kunionyesha. Kufuli lilikuwa linaning'inia kwenye mnyororo, limefungwa, na geti limeachama.

Nikamwonyesha gari kwa kidole. Aliinama kwenye tairi la kwanza, la pili, la tatu. Akagusa bolti. Akagusa utepe. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika. "Hivi ndivyo alivyoniambia angeyafunga," akasema. "Alikaa hapo hapo ulipo, akanieleza mpaka huo utepe. Nikamcheka." Akasema inna lillahi, akavua kofia yake, akaketi chini karibu nami. Giza lilipoingia, akanisindikiza nyumbani.

Kesho yake nilikwenda Ulyankulu. Watu walinikataza, lakini nilikwenda. Njia nzima nilisikia mawe yakigonga mipira, du, du, yanaanguka. Na upande wangu, mbele, yalikuwa yakipiga bati lenyewe, na kila moja nililisikia mwilini.

Nilimsimulia mama mkwe yote, tukiwa tumekaa jikoni kwake. Ni mama mzee, amezika watoto wengine kabla ya huyu. Hakusema ninaota, wala hakuniambia nikaombewe. Alikoroga uji wake kwa muda mrefu, halafu akaniuliza swali moja tu:

"Ulipomgusa, mwanangu, alikuwa anasikia baridi?"

"Hapana, mama," nikamdanganya. "Alikuwa na joto lake lilelile."

Akaitikia kwa kichwa. Akanipa uji, kisha akatoka nje, na nilimsikia akilia nyuma ya nyumba, kwa sauti ya chini, ili mimi nisimsikie.

Tangu hapo gari limekwenda na kurudi mara nyingi. Ubavu wote umebaki mzuri isipokuwa mahali pamoja, chini ya mlango wa dereva, ambapo rangi imebanduka na kutu imeanza. Ramadhani ameniomba mara kadhaa anifungie kile kipande cha nne, bure. Siwezi. Kipo ndani ya gari, pamoja na spana. Siku nyingine alasiri naenda pale uwanjani, naegesha kivulini, naosha ule upinde wa tairi, naukausha, naketi kwenye tairi kuukuu. Ramadhani anawaambia watu wake wahamie upande wa pili. Adhana inaadhiniwa, naondoka. Hajarudi. Wala simwoti, na watu wote wanaofiwa huwa wanaota.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayenisikiliza. Pengine hutaamini, lakini yashike haya uweke mahali. Ukimkuta mtu wako aliyekufa anafanya kazi yake, iwe ni kufagia, iwe ni kushona, iwe ni kufunga bolti, usimwite jina. Najua utataka. Uume ulimi mpaka utoe damu. Kaa karibu naye, mpe anachokuomba, mjibu anachokuuliza, na umwache amalize.