Kinga Iliyofungwa kwa Waya

Mimi nachomelea mageti, na ukuta wangu wa nyuma ndio ukuta wa karakana ya useremala ya Dada Mstari. Kwa miaka kumi na moja nimefanya kazi nikisikia msumeno wake wa umeme, ule wa kushika mkononi wenye bledi ya duara. Sauti yake naijua kama kikohozi cha mke wangu.

Jina la Mstari alipewa na wateja. Vipande viwili alivyokata yeye ukivikutanisha, mwanga haupiti katikati. Watu walidhani ana jicho la ajabu. Hana. Alikuwa na utaratibu tu, na hakuuruka hata siku moja. Plaiwudi aliilaza juu ya mbao nne, mbili kila upande wa mstari, ili kipande kikikatika kisidondoke wala kisiibane bledi. Upande mzuri aliulaza chini, maana meno ya msumeno ule hutokea chini kwenda juu na kuchanachana uso wa juu. Bledi aliishusha itokeze chini ya ubao kwa urefu wa jino tu. Kisha rula ndefu ya chuma, aliyoibana huku na huku kwa vibanio, na msumeno ukatembea ukiiegemea. Mwenyewe alisimama pembeni, kamwe si nyuma yake.

Na kila asubuhi, kabla ya kuchomeka waya kwenye soketi, aliivuta ile kinga ya chini inayofunika bledi, akaiachia. Tak. Niliisikia hata ukutani. Ikirudi hivyo, alijua siku imeanza sawa.

Alifanya kazi na mdogo wake wa kiume, wa tumbo moja, baba wa watoto wawili, ambaye mtaa mzima tulimwita Chapchap. Fundi mzuri, mcheshi, ila subira hana hata ya kungojea chai ipoe.

"Dada, huo ubao hauendi harusini," alikuwa akimwambia. "Kata twende."

"Ubao usipoenda harusini utakaa nyumbani kwa mtu miaka ishirini," dada alimjibu bila kuinua kichwa.

Wiki ile walikuwa na kazi ya makabati ya shule, plaiwudi arobaini. Jumatatu Chapchap alikuja kwangu akiwa amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Jirani, nisaidie kipande cha waya laini."

"Wa nini?"

"Kuna kitu kinanikwamakwama."

Nikampa. Sikuuliza zaidi. Baadaye nilipochungulia nikaona waya umeivuta kinga juu na kuifunga kwenye mpini, isimkwamie tena kwenye mbao. Bledi ilikuwa uchi. Dada yake alikuwa ameenda kuchukua vipimo shuleni. Alipokaribia kurudi, Chapchap aliufungua waya, akauweka mfukoni, akanikonyeza.

Jumanne, dada akiwa hayupo, akafanya hivyo tena. Jumatano pia. Nilisema moyoni, mtu mzima huyu, kazi ni yake. Lakini nilianza kuchomelea vibaya. Nilikuwa nikisikiliza upande wa pili zaidi kuliko nilivyotazama moto wangu.

Alhamisi asubuhi Chapchap aliwahi peke yake akakata kidogo. Skrubu zikaisha, akachomoka kwenda dukani, msumeno akauacha kwenye benchi, waya wake bado uko kwenye soketi. Dada Mstari akaingia na mwalimu mkuu, aliyetaka kuona kazi imefika wapi. Mwalimu yule alikuwa msemaji. Aliuliza rangi, bawaba, kufuli, na dada alimjibu huku mikono ikifanya kazi. Nilisikia mbao nne zikipangwa. Nikasikia vibanio vikikazwa. Halafu msumeno ukanguruma.

Sikusikia tak.

Niliweka chini vifaa vyangu na kutoka. Sikuita. Mtu anayesukuma msumeno humshtui kwa kumpigia kelele, na pengine pia niliona aibu ya kusema ninachokijua. Nilifika mlangoni anamaliza. Mstari ulikuwa umenyooka. Akaachia swichi, akaushusha msumeno ubavuni kama alivyozoea, huku akimgeukia mwalimu. Bledi ilikuwa bado inazunguka, na hapakuwa na kitu cha kuifunika.

Ilishika aproni kwanza. Kisha paja, juu kidogo ya goti. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole, akasema, "Chomoa waya."

Nikachomoa. Nikavua shati, nikalikandamiza pale kwa mikono yote miwili, mwalimu akakimbilia gari lake. Tukiwa tunambeba, Chapchap alitokea kona ya barabara na mfuko wa skrubu. Aliutazama msumeno pale chini. Mfuko ukamponyoka.

Hospitali walimshona nje na ndani. Siku ya tatu nilikwenda kumwona. Mdogo wake alikuwa ameshamwambia kwamba springi ya kinga ilikwama.

"Jirani," aliniuliza, "ilikuwa imefungwa?"

"Ilikuwa imefungwa."

"Waya aliupata wapi?"

"Kwangu."

"Basi tuko watatu," akasema. "Mimi sikuikagua."

Nilitamani anitukane.

Alirudi baada ya miezi miwili, mguu ukiburuta kidogo. Chapchap alitaka msumeno uuzwe. Dada akakataa. Alimwambia aulaze ubao, apange mbao nne, apime kutoka ukingo wa msumeno hadi kwenye bledi, abane rula umbali huohuo kutoka kwenye mstari. Yeye alikaa kwenye stuli mlangoni. Rula ilimponyoka Chapchap mara mbili.

"Vuta kinga," akamwambia.

Akaivuta, akaiachia, ikarudi.

"Tena."

Ikarudi. Ndipo Chapchap alipochomeka waya, akaacha bledi ishike kasi kabla ya kugusa ubao, akakata. Alipozima aliushikilia msumeno palepale mpaka ukanyamaza kabisa. Alipogeuka kuonyesha kazi yake, stuli ilikuwa tupu. Dada alikuwa nje, upande wangu, ameegemea geti bichi ambalo nilikuwa sijalipaka rangi.

Tangu hapo yeye huchora na kupima, mdogo wake hukata. Makabati yalimalizika, na mengine yakafuata. Watu wanaosifu kazi hawajui kwamba kila msumeno unapowashwa dada anatoka nje, anakuja kwangu, tunazungumzia mambo ya mvua. Siku moja nilijaribu kumwomba radhi. Akanikatiza, akaniuliza bei ya mabati imefika ngapi. Nikamwambia.