Tundu Moja Nyuma

Kiwandani shangazi yangu wanamwita Mama Matundu. Wengine humwita hivyo kwa utani, wengine kwa heshima, naye huwaitikia wote. Miaka kumi na tisa amesimama palepale, kwenye mashine ya kuunganisha fomu za nakala tatu. Roli tatu za karatasi, nyeupe, njano na pinki, hushuka pamoja, katikati yake kaboni. Kila karatasi ina matundu kandokando, na matundu hayo hukaa kwenye vijino vya mashine. Moja ikiruka tundu, nakala hazilingani tena, na gundi ikishashika hakuna wa kuzirekebisha.

Kengele ya kuonya ilikufa zamani. Yeye huweka vidole viwili ukingoni, karatasi ikipita chini yake, na mruko huusikia kabla jicho halijauona.

Mimi nafunga maboksi mwisho wa mashine hiyohiyo, na nyumbani nalala naye chumba kimoja. Kwa hiyo niliona. Niliona akiipua sufuria bila kitambaa na asishtuke. Niliona akihangaika na vifungo vya blauzi mpaka akaivua, akavaa fulana. Nikanyamaza. Mkubwa akificha jambo, mdogo aanzie wapi?

Siku ya fomu za hospitali roli ya njano iliisha, akaunga nyingine. Nikiwa kwenye boksi la kumi na mbili, niliandika juu ya fomu moja, kujaribu kalamu tu. Kwenye nyeupe maandishi yalikaa sawa. Kwenye njano, ile inayokwenda dirisha la dawa, yalikuwa yamepanda mstari mmoja. Dawa ya kitanda cha tatu ingesomeka ya kitanda cha pili.

Nikampelekea. Akaipapasa, akaipapasa tena, ndipo akaitazama.

"Maboksi mangapi yameshapanda gari?"

"Kumi na moja."

"Msimamizi ameona?"

"Bado, shangazi."

Nje dereva alikuwa akifunga kamba. Shangazi akisema, atang'olewa kwenye mashine ile. Asiposema, karatasi hazina mdomo, zitakwenda. Nilitamani asiseme. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alizima mashine. Msimamizi akatoka ofisini na kikombe mkononi.

"Mama Matundu, leo umechoka kabla yetu?"

"Lizuie gari, baba. Njano iko tundu moja nyuma."

"Kwako wewe? Acha mzaha. Wewe hata ukisinzia vidole viko kazini."

"Vidole vimekufa ganzi. Huu mwezi wa tatu."

Akacheka peke yake. Shangazi akaokota pini mezani, akaichomeka kwenye ncha ya kidole, taratibu, kama anayetunga uzi kwenye sindano, huku akimwangalia usoni. Kicheko kikaisha.

Maboksi yakashushwa. Hakuna aliyemgombeza, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi. Msimamizi akasema nisimame mimi pale mpaka apatikane mtu.

Nikaweka vidole ukingoni. Karatasi ikaanza kupita.

"Unasikia nini?" shangazi akauliza.

"Karatasi tu."

"Matundu je?"

"Siyasikii."

Akanishika kifundo cha mkono, akaunyanyua kidogo. "Usikandamize. Iache ikupitie."

"Hivi?"

Akaweka vidole vyake viwili ukingoni, kando ya vyangu.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Niambie wewe."