Mawe Niliyoyagonga Ziwani

Watu husema mambo ya namna hii hutokea usiku, kwa mlevi au kwa mgonjwa wa homa. Langu lilitokea adhuhuri, jua likiwa limesimama juu ya Ziwa Tanganyika, na mimi sijapata kuonja kileo maishani mwangu. Ilikuwa Jumapili, tarehe 16 Juni 2002. Tarehe hiyo sikuambiwa na mtu. Niliisoma mwenyewe asubuhi ile kwenye kalenda ya ukutani, kwani wakati huo nilikuwa nimekwisha kujifunza kusoma, ingawa nilianza nikiwa mama mzima.

Lazima kwanza nikueleze kazi ya mume wangu. Baba Zena alikuwa mpiga mbizi. Alikamata samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye miamba ya ziwa letu, wale wa manjano na wa mistari ya samawati, ambao husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya kutiwa ndani ya matangi ya kioo. Alishuka na mtungi wa hewa mgongoni na nyavu mbili ndogo mikononi. Mpiga mbizi hapandi kwa hiari yake, kwa sababu boti za injini hupita juu na zinaweza kumkata. Yule anayebaki botini ndiye huangalia saa na kutazama njia. Ikiwa salama, huinama, hutumbukiza mikono majini na kugonga jiwe kwa jiwe. Sauti ya jiwe husafiri mbali sana chini ya maji. Kila boti ilikuwa na mlio wake, ili mtu asipande kwa mwito wa wenzake. Mlio wetu ulikuwa mipigo miwili ya haraka, kisha mmoja mzito. Miaka ya mwanzo ya ndoa yetu mimi ndiye niliyekuwa mgongaji. Nilipompata binti yetu Zena nikabaki nyumbani, mtaani Buyenzi, na kazi hiyo akaishika rafiki yake, Sudi.

Jumanne, tarehe 13 Februari 1996, mume wangu alikuwa chini ya maji, kusini mwa mji, pale mlima unapoingia ziwani. Risasi za vita zikaanza kulia kutoka mlimani. Sudi akawasha injini akakimbia. Je, ningemlaumu? Wewe ungekaa? Aliporudi kesho yake na wenzake, hawakuona mtu, wala mtungi, wala wavu. Na mawe hayakugongwa.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nani? Kila mwaka shemeji yangu alikuja na maneno yaleyale.

"Shemeji, we ni mujane. Kaa eda, umalize."

"Mujane wa nani?" nilimjibu. "Nionyeshe kaburi."

Miaka sita niliishi hivyo, si mke, si mjane. Nilikuwa na kiburi, sikatai. Mwanamke aliyekaa eda amekubali, na mimi sikuwa nimekubali chochote.

Sasa njoo kwa wageni. Mwezi ule wa Juni walifika kwangu kijana mmoja, Yan, na mchumba wake, Katrin. Walivuka mpaka kutoka Uvira, wakapita Gatumba, wakapanga chumba changu cha uani. Kila mmoja alibeba mfuko mrefu kama mtoto wa darasa la tatu. Majirani walicheka hadi kushika mbavu: "Mama Zena, bazungu bako banabeba nyumba mugongoni kama konokono!" Vita ilikuwa haijaisha, magari ya kusini yalikwenda kwa msafara wa askari, na hawa wawili walitaka kuogelea! Walikuwa wametoka pwani ya bahari, walikookota Kiswahili na kuona matumbawe na samaki wake. Mtu aliwaambia kwamba ziwa letu lina samaki wazuri kama wale, nao wakataka kuhakikisha kwa macho yao.

Katrin aliona maski za mume wangu zikining'inia ukutani. Akauliza kama anaweza kuazima. Sijui kwa nini nilikubali. Nilijua tu kwamba zikienda, nitakwenda nazo.

Sudi hakutaka kutupeleka kwenye miamba ileile ya kusini. "Mama Zena, pale apana. Twende kwengine."

"Kwengine kuna mchanga. Wao wanataka miamba."

"Basi tunarudi mapema, kabla askari habajafunga ziwa. Na mi injini sizimi."

Tulikwenda. Maji ya kiangazi yalikuwa meupe, unaona vivuli vya mawe chini kabisa. Wageni walivaa maski na mipira ya kupumulia, wakaelea kifudifudi wakishikana mikono. Kila mara walitoa vichwa na kutaniana. Katrin alimwambia mchumba wake kwamba samaki wanamkimbia kwa sababu hajaoga tangu Uvira. Yan alidai ameona samaki mwenye sura ya mama mkwe wake. Nilicheka. Naam, nilicheka mahali pale, na nikashangaa kujisikia nikicheka.

Baadaye Katrin alikuja kushika ukingo wa boti. "Mama, yule bwana ni mwema sana. Anatuonyesha samaki."

"Bwana gani?"

"Anayefanya kazi chini. Ana nyavu mbili. Yan amemfuata tena."

Nikamuuliza polepole, "Ana mtungi mgongoni?"

Akafikiri. "Hapana. Hana kitu." Ndipo yeye mwenyewe akageuka kutazama maji, na rangi ikamtoka usoni.

Yan hakuwa juu. Mpira wake haukuonekana popote. Katrin alimwita, akaingiza uso majini, akautoa, akamwita tena. Mtu mwenye pumzi moja kifuani hukaa chini muda gani? Sudi alisimama kama mtu aliyefungwa kamba. Sakafuni mwa boti kulikuwa na mawe ya nanga. Nikashika mawili, nikalala kifua juu ya ukingo, nikazamisha mikono hadi viwikoni, nikagonga. Nisingeweza kugonga vingine, kwa maana mikono yangu haikujua mlio mwingine. Miwili ya haraka, kisha mmoja mzito.

"Apana gonga, mama!" Sudi alipiga kelele. "Apana gonga apa!"

Nilikuwa nimekwisha kugonga.

Yan akachomoka upande wa kulia, akikohoa, na Katrin akamkumbatia. Nikasema alhamdulillahi. Kisha boti ikainama upande wa kushoto, taratibu, kama inavyoinama mpiga mbizi anapoishika.

Niliona mkono ukingoni. Niamini, niliutazama kwa utulivu zaidi kuliko ninavyotazama karatasi hii. Kovu la mwiba wa samaki lilikuwepo chini ya kidole gumba. Ngozi ya vidole ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefanya kazi majini kwa saa moja, basi. Uso ulikuwa chini ya kivuli cha boti, sikuuona vizuri. Lakini sauti, je, mke huisahau?

"Mama Zena, leo umekawia kugonga."

Niliyaachia mawe, yakazama.

"Zena ameamuka? Homa imeshuka?"

Hapo nikaelewa. Asubuhi ile ya Februari alimwacha Zena na homa, amelala. Kwake ilikuwa bado asubuhi ile. Sasa Zena alikuwa msichana mrefu kunipita, na homa ile ilishuka jioni ya siku ileile.

"Nipe mukono," akasema.

Mpiga mbizi huvutwa kwa kifundo cha mkono. Ndivyo nilivyomvuta mara zisizo na hesabu, na mkono wangu ulikwisha kunyooka. Miaka sita niliomba hilo moja tu. Nikajiuliza, nikimvuta, nitamleta wapi? Nimwambie nini barabarani, akiuliza kwa nini Sudi ana mvi? Nani atamweleza kwamba amekufa, kama si mimi?

Nikarudisha mkono wangu. "Zena ni muzima, Baba Zena. Ameamuka, amekula. Kazi imekwisha. Pumzika."

Vidole vikalegea ukingoni. "Samaki ya leo ilikuwa mizuri," akasema.

"Najua."

"Basi."

Boti ikanyooka. Maji hayakuruka, wala hapakuwa na kiputo.

Yan alitueleza njiani kwamba yule mtu alimshika mkono kwa upole, akampeleka chini ya mwamba kama anayemwonyesha mgeni mahali pake pa kazi, na yeye hakuona haja ya kupumua. Mawe yalipolia, mtu yule akainua uso, akatabasamu kwa furaha kubwa, akamwachia. Kesho yake wachumba hao waliondoka. Sudi aliiuza boti mwezi huohuo. Leo anatengeneza pikipiki karibu na msikiti, na hata samaki wa mezani hali.

Mimi nilifika nyumbani kabla ya magharibi. Nilimwita shemeji, nikamwambia, "Leo nakaa eda." Akafungua mdomo aulize, nikamtazama, akafunga. Nilikaa miezi minne na siku kumi, kama inavyotakiwa, na watu waliponipa pole nilijibu "asante" kwa mara ya kwanza. Tangu hapo naitwa mjane na naitika. Usingizi wangu ni mzuri, isipokuwa mkono wa kulia, ambao huamka wenyewe alfajiri ukiwa umenyooka nje ya shuka.

Nawe, ukienda siku moja kuogelea kwenye miamba ile, maana sasa kuna amani na vijana wanakwenda, nenda, samaki ni wazuri kweli. Mtu akikuonyesha samaki chini kule, mshukuru kwa kichwa, kisha panda. Usimfuate. Na mwenzako akikawia, mwite kwa jina lake, mrukie majini, fanya lolote, lakini usigonge jiwe. Wale walioachwa chini miaka ile ni wengi, na si kila mmoja ana mtu wa kumwambia kwamba kazi imekwisha.