Kwa Nini Precious Hakuchota

Prudensia Kamugisha ni muuguzi katika kliniki ya kusafisha damu huko Sharpstown, Houston. Wagonjwa wake wa figo wanamfahamu kwa upole. Hata anayemfokea kwa sababu ya sindano hujibiwa kwa sauti ileile ya chini. Ndiyo maana tuliposikia kwamba amekaa ofisini shuleni kwa mwanawe na kugoma kuondoka, wengi wetu tunaomfahamu tulidhani wamemchanganya na mtu mwingine.

Mwanawe anaitwa Precious, yuko darasa la sita. Alizaliwa Bukoba, mguu wa kushoto umepinda kuingia ndani. Kila wiki Prudensia alimfunga mgongoni, akapanda basi hadi Mwanza ili mguu ule unyooshwe kidogo na kufungwa plasta upya. Kuna ndugu wa mume waliomwambia aache kujisumbua. Kuna mama mmoja wa kanisani aliyemuuliza amemkosea nani. Baadaye walipohamia Texas, Precious alifanyiwa upasuaji, na leo anachechemea kidogo tu. Anakimbia, anaruka kamba, anapanda baiskeli katika mitaa ya Missouri City wanakoishi, na mguu wenyewe hana habari nao.

Mwaka huu darasa lao lilisoma miungu ya Wayunani wa kale. Kila mtoto angekuwa mungu mmoja, avae mavazi yake na kusimama ukumbini kimya kama sanamu. Mgeni akikanyaga duara la karatasi nyekundu lililobandikwa sakafuni, sanamu inaamka na kueleza yeye ni nani na kazi yake ni nini. Mwanzoni Prudensia hakupenda, maana kwao ni watu wa kanisa. Mumewe, Sospeter, alimwambia hizi ni hadithi tu, hakuna anayemwabudu mtu hapo. Basi akakaa na binti yake mezani wakajifunza pamoja: Zeu mwenye anga na radi, Demetra wa mazao, Hestia wa moto wa jikoni, Herme anayepeleka ujumbe kwa viatu vyenye mabawa, Ares wa vita. Precious alimtaka Artemi, mwindaji anayekimbia porini na mbwa wake.

Siku moja aliingia kwenye gari baada ya shule, akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba yeye atakuwa Hefesto, mhunzi wa miungu. Prudensia alifurahi. Mungu mwenye masizi mikononi, anayewafulia wenzake silaha na viti, alimwona ni wa maana kuliko wale wa kukaa kileleni na kugombana. Precious akasoma habari zake kwenye simu. Hefesto alizaliwa na mguu mbovu. Mama yake, Hera, malkia wa miungu wote, alipomtazama aliona aibu, akamtupa kutoka juu ya mlima.

Precious akazima simu. Safari hii aliuliza kwa Kiswahili.

"Mama, ulipouona mguu wangu mara ya kwanza, ulifikiri nini?"

Prudensia aliingiza gari kwenye kituo cha mafuta, akasimama.

"Nilifikiri, huyu nitamvalisha viatu gani."

Mtoto alitikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye simu yake. Mama ndiye aliyebaki ameshika usukani, gari limesimama.

Nyumbani Sospeter alisema ni bahati tu ilivyoangukia, lazima mtoto mmoja awe Hefesto. Prudensia akajitahidi kuamini hivyo. Alikuwa bado anajitahidi pale Kezia, muuguzi Mkenya anayefanya naye kazi, ambaye mwanawe Brandon anasoma darasa moja na Precious, alipomwambia wakiwa wanapanga vifaa, "Brandon amechota Herme. Sasa anataka nimshonee mabawa kwenye raba zake."

"Amechota?"

"Si walichota kwa kofia? Kila mtoto alitoa karatasi yake."

Jioni hiyo Prudensia alimuuliza Precious kama naye alichota. Mtoto akaeleza. Kofia ilipomfikia, mwalimu aliipeleka kwa anayefuata. Akasema mbele ya darasa kwamba amemwekea Precious mungu wa pekee, anayefanana naye. Watoto wote wakageuka kuangalia mguu.

"Wewe ukasema nini?"

"Nikasema asante."

Neno hilo ndilo lililomnyima Prudensia amani. Hakuwahi kumfundisha mwanawe kushukuru kwa kutwezwa, na sasa alikuwa amejifunza mwenyewe, darasani, kwa mtu aliyelipwa kumfundisha.

Asubuhi yake alikuwa ofisini shuleni mbele ya mwalimu, Bi. Whitlock, na naibu mkuu wa shule. Bi. Whitlock ni binti mdogo mdogo, hana ubaya usoni. Alieleza kwamba alitaka Precious ajione ndani ya hadithi, aone kwamba hata mtu kama yeye anaweza kuwa shujaa. Prudensia alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa sauti yake ileile ya chini.

"Yule mtoto anayevaa miwani, ulimtafutia mungu kipofu?"

Naibu mkuu akaingilia kati kusema nia ilikuwa njema.

"Sikuja kuuliza nia. Nimekuja kuuliza kwa nini mwanangu hakuchota."

Wakasema Precious apewe Artemi hapohapo, kama ndiye aliyemtaka. Prudensia akakataa. Kuna mtoto mwingine aliyemchota Artemi kwa haki, na yeye hakufuata upendeleo. Alitaka Precious aingize mkono kwenye kofia kama wenzake. Naibu mkuu akasema kurudia kuchota kutaleta usumbufu, wazazi wameshanunua mavazi. Prudensia akasema atasubiri wafikirie. Kliniki ikampigia, akawajibu atachelewa. Alikaa kwenye kiti kile, pochi magotini, hadi wale wawili wakatoka, wakanong'ona koridoni, wakarudi kumwambia darasa zima litachota upya.

Sospeter alikasirika alipopata habari. Alisema sasa shule nzima itasema Waafrika ni watu wa fujo, na jina likishachafuka ugenini halisafishiki.

"Jina zuri la nani," mkewe akamuuliza, "kama wa kunyamaza ni mtoto?"

Kezia naye alinuna, maana mabawa yalikuwa yameshashonwa, na Brandon kwenye uchotaji wa pili alimpata Hefesto. Precious alimchota Poseidoni, mwenye bahari, farasi na matetemeko ya ardhi. Hakufurahi hata kidogo, ila ndevu za pamba alizipenda.

Jioni ya maonyesho ukumbi ulijaa wazazi. Brandon alikuwa na nyundo ya kadibodi, na kila duara lake lilipokanyagwa aliamka akiuburuta mguu mmoja na kukunja uso kwa maumivu. Watu wakacheka. Mtoto alipoona wanacheka, akazidisha. Prudensia akaanza kupenya katikati ya watu kumfuata.

Precious alitangulia kufika. Aliacha nafasi yake, ndevu usoni na mkuki wa ncha tatu mkononi, akaenda mpaka mbele ya Brandon.

"Hakuna mtu anatembea hivyo," alimwambia. "Niangalie mimi."

Akatembea mbele yake, kwenda na kurudi, kwa mwendo wake wa kila siku. Kisha akamwambia mhunzi akifua chuma husimama imara, la sivyo nyundo itamrudi mwenyewe. Akarudi mahali pake, akawa sanamu. Aliyefuata kukanyaga duara la Brandon alimkuta amesimama wima, akieleza bila mzaha jinsi Hefesto alivyomfulia mama yake kiti cha dhahabu kilichomshika asiweze kuinuka.

Kezia alikuwa ameona yote. Alikuja kusimama kando ya Prudensia, akamshika mkono.

Bi. Whitlock alimfuata Prudensia mlangoni, macho mekundu. Akamwomba radhi, akasema hakufikiria.

"Mimi usiniombe," Prudensia akamjibu. "Mwombe yeye. Na iwe mbele ya darasa, maana mbele ya darasa ndipo ulipomfanyia."

Jumatatu mwalimu aliomba radhi. Brandon ndiye aliyeleta habari. Prudensia alipomuuliza binti yake ilikuwaje, Precious alisema ilikuwa aibu tupu, mwalimu karibu alie, na yeye alitamani sana amalize haraka. Mama alitaka kusikia zaidi. Hasira yake ilikuwa bado iko palepale, na hata leo akiipita shule ile hukaza taya. Lakini mtoto alikuwa ameshasema yake yote. Alikuwa anavaa kofia ya baiskeli, akauliza kama anaweza kwenda kwa kina Brandon mpaka chakula kiive.