Pakacha la Papa Mbele ya Jaji

Kila nikila papa mkavu namwombea dua Mzee Shee, nahodha wa kisiwa chetu cha Chula. Mwezi uliopita alikuja kwenye mahakama yangu ya kodi, Kismayu, kupinga kodi ya jahazi lake, akaweka pakacha la papa juu ya meza yangu. Nikawaka. Nikahubiri juu ya rushwa mpaka koo likakauka, mimi mzaliwa wa Chula, ninayejua hakuna jahazi livukalo bila vifurushi vya watu. Nikamwita askari amkamate. Mzee akangoja nimalize, akasogea, akaninong'oneza badala ya kuniumbua mbele ya umati: "Mwanangu, pakacha hili si langu. Ni la mamako. Kasema umekonda."