Malkia wa Gaya Aliomba

Mwanangu, nakumbuka vizuri siku niliyomkana mtoto wangu wa kumzaa, na ndiyo maana nimekuita ukae hapa kabla hujaenda kazi Riyadh. Hebu weka simu chini kwanza. Nasikia ajenti amekufunza kusema huna mtoto, na hako katoto kako hakajamaliza hata miaka miwili. Mimi pia nilifunzwa hivyo, eti mwenye mtoto hulia kila siku akitaka kurudishwa.

Nilikuwa Jeddah, mtaa wa Aziziya, nikimtunza mama mzazi wa kafili wangu, yule mwajiri aliyenileta. Tulimwita Hajja. Miguu yake ilikuwa mibovu lakini mdomo ulikuwa mzima kabisa, na nilimpenda huyo mama, sikufichi. Alasiri nikimkanda magoti, mjukuu wake Nuf alikuwa akitusomea. Msichana huyo wa chuo kikuu alikuwa amepagawa na mambo ya Korea, hadi sisi wa jikoni tukawajua wafalme wa huko kuliko majirani. Kiarabu nilikuwa nimeshakishika.

Siku hiyo alisoma habari za ufalme wa kale wa Gaya. Wanasema watu walikuwa hawana mfalme, wakapanda kilimani kuimba na kucheza, na sanduku la dhahabu likashuka kutoka mbinguni limefungwa kitambaa chekundu. Ndani mna mayai sita ya dhahabu, makubwa! Wakatoka wavulana sita, na wa kwanza, Suro, akatawazwa. Wazee wakataka kumtafutia mke, akakataa, akangoja hadi binti mfalme mmoja akaja kwa meli kutoka nchi ya mbali. Wakazaa wana kumi. Halafu malkia akamwomba mumewe wana wawili wachukue jina la ukoo wake yeye, lisipotelee ugenini. Mfalme akakubali.

Hajja alipapenda sana hapo. Akaniuliza, mimi ningempa mwanangu jina la nani? Nikamjibu haraka haraka kwa Kiarabu, mafi, hakuna, Hajja, sina mtoto.

Na mtoto ninaye. Mbithe, nilimwacha na mamangu akiwa na miaka minne. Wiki hiyo hiyo baba wa nyumba, huyo kafili, alikuwa akipanga nani aende likizo kwao. Wafanyakazi tulikuwa wawili, mikataba imeisha, na nafasi ni moja. Akampa mwenzangu wa Ufilipino kwa kuwa ana watoto. Mimi nisiye na mtu, ikama yangu, kile kibali cha kukaa, ingefanywa upya nikae miaka miwili mingine. Mbithe alikuwa ameshaambiwa narudi.

Nuf alipotoka, machozi yakanishinda, yakadondokea magoti ya watu. Nikamweleza Hajja yote. Akataka kumsikia mtoto, basi nikapiga, nikafungua sauti.

"Dada, unakuja lini?" Mbithe akauliza.

Hajja akashangaa, mbona haniiti mama? Weh, aibu niliyoisikia hapo! Neno mama Waarabu wanalielewa, kwa hiyo nilikuwa nimemfunza mtoto aniite dada kwenye simu, asije akanichoma mbele ya madam.

"Yule malkia alikuwa mgeni mbele ya mtu aliyetoka kwenye yai la dhahabu, na aliomba," Hajja akaniambia. "Wewe unamwogopa mwanangu, ambaye nilimwosha matako kwa mkono huu?"

Akamwita mwanawe papo hapo, nami nikamwomba kwa mdomo wangu. Baba alininunia kwa ule uongo, na alikuwa na haki. Lakini mwenzangu aliporudi baada ya miezi mitatu, nilipewa tikiti yangu.

Nilifika nyumbani Mbithe akanikimbilia, "Dada! Dada!" Nikambembeleza, nikamwambia mimi ndiye mama. Akanitazama, akaenda kujificha nyuma ya nyanya yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimwita mama. Leo ana watoto wake. Ananipenda, ananiletea unga na sukari, ananipeleka hospitali. Na mpaka leo ananiita Dada.

Basi sikiza, mwanangu. Ukifika Riyadh sema una mtoto, useme siku ya kwanza. Kama nyumba haikutaki kwa sababu hiyo, heri ujue mapema. Ukiwa na haja, iombe kwa mdomo wako mwenyewe, kwa heshima. Na huyu mdogo akipiga simu, akuite mama kwa sauti, bosi asikie, madam asikie. Mungu akutangulie, akupe nyumba yenye kikongwe mwenye mdomo kama Hajja wangu, na siku utakayorudi, mtoto wako ajue amwite nani mama.